Nani Mteja Hapa

Asubuhi ile Mama Pasi alimwomba Mungu amharibie mwanawe gari. Hakuomba ajali, Mungu apishe mbali. Aliomba betri tu ife, au tairi moja lipoteze upepo, kitu kidogo cha kuwachelewesha mpaka ofisi za mawakili zifungwe na watu warudi majumbani. Alipiga magoti kando ya meza yake ya kupigia pasi, akashika mguu wa meza kama anayeshika mkono wa mtu, akasema, "Bwana, unajua mimi siwezi kumkatalia mbele ya watu. Basi tusifike huko."

Alisema amina, akasikiliza. Nje, gari la mwanawe liliwaka mara ya kwanza, likanguruma kama paka aliyeshiba. Mama Pasi akainuka, akakung'uta magoti, akaelewa kwamba Mungu hakuwa na nia ya kumfanyia kazi iliyokuwa yake mwenyewe.

Jina la Mama Pasi alipewa na kazi. Tangu mumewe afariki alikuwa akifua na kunyoosha nguo za watu: mashuka ya nyumba za wageni, sare za wauguzi, mashati ya mabwana wenye haraka. Kwa kazi hiyo alijenga nyumba yake, vyumba vinne na ua uliojaa kamba za kuanikia. "Wenzangu wamejenga kwa matofali," alipenda kusema. "Mimi nimejenga kwa mvuke." Hati ya nyumba ilikuwa na jina lake peke yake, na nyumba hiyo ndiyo ilikuwa inapelekwa kwa wakili siku hiyo.

Aliyeipeleka ni mwanawe wa kwanza. Nyumbani wote walimwita Bosi tangu alipokuwa anatambaa, kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha kidole na watu wazima wakatii. Sasa alikuwa na malori ya mizigo, na alitaka kuongeza mengine, na benki ikamwambia alete kitu kizito cha kuegemea. Jumapili alikuja na wajomba, mashangazi na mkewe, sebule ikajaa mpaka mlangoni, akasema mbele yao wote, "Ni karatasi ya benki tu, mama. Nyumba inanisimamia kidogo kama mdhamini, halafu inarudi kukaa chini."

Mama Pasi alimtazama, akatazama zile nyuso za ndugu, akasema, "Sawa, baba."

Hakusema sawa kwa sababu alikuwa ameridhika. Alisema kwa sababu ya nadhiri. Bosi alipokuwa mdogo, baba yake alimkemea na kumnyima kitu mbele ya mtaa mzima, watu wakacheka, na mtoto yule akakaa muda mrefu bila kumsemesha mtu yeyote. Mama Pasi akaapa siku zile kwamba yeye hatamkatalia mtoto wake hadharani, liwe liwalo. Akimkatalia, atamkatalia faraghani. Ila Bosi mtu mzima alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu mama yake: kila alipotaka kitu kikubwa, alikuja na watu.

Ofisi ya mawakili ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, na pembeni mwa mlango kulikuwa na ubao. Bosi alikuwa bado anaongea na simu, kwa hiyo Mama Pasi akavaa miwani, akausoma ubao kwa sauti kama anayesoma zaburi.

"Jinai. Ardhi na Nyumba. Ndoa, Talaka na Malezi ya Watoto. Kazi na Fidia. Kampuni na Biashara. Wasia na Mirathi." Akavua miwani. "Kumbe ni kama duka la dawa. Kila maradhi na rafu yake."

"Sasa sisi tunaumwa nini, mama?" aliuliza Kitinda. Huyo ni binti yake wa mwisho, ndiye anayeishi naye na kumsaidia kubeba mabeseni.

"Sisi tunaumwa kaka yako."

Kitinda alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio. Bosi akageuka na simu sikioni, akauliza mnacheka nini, wakamwambia hakuna.

Ndani, kwenye mabenchi ya kungojea, alikaa mwanaume aliyefungwa bandeji mkono mzima, akingoja kuitwa chumba cha Kazi na Fidia. Karibu naye walikaa mke na mume waliokuja kuachana. Walikuwa wamepeana migongo, lakini katikati yao kulikuwa na mfuko mmoja wa karanga, na kila mmoja alipeleka mkono nyuma kuchota bila kumtazama mwenzake. Mama Pasi aliwaombea kimoyomoyo. Aliona bado kuna kazi ya kufanyika pale, isiyo ya wakili.

Wakili mkuu mwenyewe alitoka chumba cha Kampuni na Biashara, mtu mnene mwenye kicheko kilichotangulia tumbo. "Mteja wangu namba moja!" alimwambia Bosi, akimpiga bega. "Na huyu ndiye mama? Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi hatutakuchosha. Hati nimeiandaa mimi kwa upande wa mwanao, kwa hiyo sahihi yako inabidi aishuhudie mwingine. Ni utaratibu tu. Nendeni chumba kile cha mwisho, wakili wetu wa mirathi atagonga muhuri, mara moja mmemaliza, mnawahi benki."

Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo, na nusu yake ilikuwa mafaili. Nyuma ya meza alikaa wakili wa mirathi, mwanamke aliyekuwa rika moja na Kitinda, mwenye miwani mikubwa na shati jeupe. Mama Pasi aliona mara moja kwamba kola ya shati lile ilinyooshwa upande mmoja tu, akamsamehe. Wakili alisimama, akamwamkia mama, akapokea hati, akaipitia ukurasa kwa ukurasa huku Bosi akigonga gonga kidole kwenye meza.

"Nani anatia sahihi?" aliuliza.

"Mama," alisema Bosi.

"Haya. Basi nyinyi wengine mtanisubiri nje."

Kidole cha Bosi kikasimama. "Nje wapi?"

"Kwenye benchi, kaka. Katika chumba hiki ndivyo tunavyofanya. Mtu anapotoa mali yake, nazungumza naye peke yake. Anayepokea hakai ndani."

"Dada, nadhani hujanielewa. Mteja hapa ni mimi. Ofisi nzima inanijua."

"Kule Biashara wewe ni mteja, na mteja mzuri sana. Humu mteja ni yule ambaye kitu kinatoka mkononi mwake."

"Mama hasikii vizuri. Mimi ndiye huwa namrudishia maneno."

Wakili akainama, akateremsha sauti mpaka ikawa karibu na mnong'ono. "Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

"Makubwa!" alisema Kitinda. "Nyumbani hasikii hata ukimwambia pasi inaungua."

Uziwi wa Mama Pasi ulikuwa wa kuchagua, na ulikuwa umempa mapumziko mengi maishani. Bosi alimkazia macho mama yake, macho ya kusema sema neno, mama. Mama Pasi akatazama mafaili. Mwishowe Bosi akatoka, akifyonya. Kitinda akabaki amesimama.

"Na wewe, dada."

"Mimi? Mimi sitaki kitu, wakili. Mimi nabeba mabeseni."

"Hata anayesema hataki kitu husubiri nje."

Mlango ulipofungwa, kelele za nje zilikatika, na Mama Pasi alisikia pumzi yake mwenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa chumba kimoja na mtu asiyemhitaji kwa jambo lolote.

"Niambie kwa maneno yako mwenyewe," alisema wakili. "Umekuja kufanya nini?"

"Kutia sahihi karatasi ya benki. Nyumba imsimamie mwanangu, kama mdhamini."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Yeye."

Wakili akaigeuza hati imwelekee mama, akaweka kidole juu ya mstari. "Dhamana ipo, Mama, lakini ingeandikwa vingine. Nyumba ingebaki yako, benki ikawa imeishikilia mpaka mkopo uishe. Nayo ina hatari zake, ningekueleza. Lakini hii si dhamana. Hii ni hati ya zawadi. Ukishatia sahihi, nyumba ni ya mwanao. Ataiweka benki, ataiuza, ataipangisha, ni hiari yake. Wewe utakaa humo kwa hisani yake."

Mama Pasi alivaa miwani. Akausoma ule mstari, akaurudia. Neno zawadi lilikuwa pale, limevaa nguo nzuri, na jina lake lilikuwa pembeni yake.

"Kwa hisani yake," alisema.

"Ndiyo."

"Mwanangu si mtu mbaya."

"Simjui, Mama, na sikukaa hapa kumhukumu. Hata watoto wazuri hufilisika. Na hata watoto wazuri hutangulia wakaacha mama zao, na nyumba ikaenda kwa warithi wao. Kazi yangu ni kuhakikisha unajua unachokitoa. Ukijua na bado ukataka kutoa, nitagonga muhuri kwa mikono miwili."

"Kwa hiyo nitakuwa mgeni kwangu."

"Kisheria, ndiyo."

"Na mgeni siku ya tatu hupewa jembe."

Wakili alitabasamu, kisha akaona kwamba mama hatabasamu, akaacha.

Mama Pasi alitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu madogo ya moto, kila moja na nguo yake. Hasira ilimpanda polepole kama maji ya sufuria kubwa. Si kwamba Bosi alitaka nyumba. Mtoto hutaka cha mzazi, ndivyo Mungu alivyowaumba. Kilichomchoma ni kwamba alimwambia nyumba itasimama na kukaa, kama anavyoambiwa mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

"Mwanangu," alimwambia wakili, "nisaidie jambo moja. Toka pale nje, uwaambie sheria imekataza. Sema mwanamke wa umri wangu haruhusiwi. Sema chochote. Atakusikia wewe."

"Sheria haijakataza, Mama."

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua. Siwezi kusema uongo, hata ule wa kukufaa."

"Basi mwambie tu kwamba hukuridhika."

"Naweza kumwambia sitagonga muhuri, na kweli sitaugonga. Ila kesho atakupeleka kwa wakili mwingine, asiyefunga mlango. Na wewe utamkubalia." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Neno la kukataa ni lako. Mimi naweza kukaa karibu nawe ukilisema. Kulisema badala yako, hapana."

Mama Pasi akamweleza basi habari ya nadhiri: mtoto aliyechekwa na mtaa, ukimya wake, na jinsi yeye alivyoapa. Alieleza kwa kirefu, na alipokuwa anaeleza alijisikia kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Alipomaliza, wakili aliuliza swali moja tu.

"Aliyechekwa alikuwa mtoto. Huyu aliyeko nje ana umri gani?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Wakili mkuu aliingia, na kicheko chake safari hii kilibaki nyuma.

"Kuna tatizo gani humu? Mteja wangu anatazama saa kama anayengoja kujifungua."

"Nina mteja, Mzee," alisema wakili wa mirathi. "Bado tunazungumza."

"Mnazungumza nini? Ni muhuri tu, dada. Muhuri hauna maoni."

"Wangu unayo."

Wakili mkuu alimtazama Mama Pasi, akatabasamu kwa adabu, kisha akamgeukia tena yule mwanamke na kusema kwa sauti ya chini ambayo Mama Pasi, kwa masikio yake ya kuchagua, aliisikia yote. "Mlangoni pa ofisi hii kuna jina la nani?"

"Lako, Mzee. Kwenye muhuri kuna langu."

"Unajua kwamba malori yale ndiyo yanalipa umeme wa chumba hiki?"

"Basi zima taa. Dirisha lipo."

Mama Pasi aliona kitu ambacho yule mnene hakukiona: mikono ya wakili wa mirathi ilikuwa chini ya meza, imeshikana, na ilikuwa inatetemeka kama nguo kwenye kamba. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Huyu si damu yangu, Mama Pasi aliwaza. Hajala kwangu, hajui hata rangi ya mlango wangu, na ameweka mkate wake mezani kwa ajili ya nyumba asiyoijua. Na mimi mwenye nyumba nimekaa hapa nikitafuta mtu wa kunisemea. Ee Bwana, unisamehe. Nilikuomba betri, nawe ukaniletea huyu.

Akasimama.

"Niitie mwanangu," alimwambia wakili mkuu.

Kicheko kikarudi. "Hayo ndiyo maneno, Mama!"

"Na binti yangu pia. Na wewe usiondoke. Si umesema ni jambo la mara moja?"

Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo walisimama bega kwa bega kati ya mafaili. Kitinda alimtazama mama yake usoni, akarudi nyuma hatua moja, kwa maana aliujua uso ule; aliuona kila mara mteja aliporudisha shuka na kudai limechanika wakati wa kufuliwa.

"Kalamu hii hapa, mama," alisema Bosi, akiitoa mfukoni.

"Iweke kwanza. Hii karatasi inasema zawadi. Ulijua?"

Bosi alimtazama wakili mkuu. "Benki ndio walitaka iwe hivyo, mama. Ni kitu kilekile. Ningekurudishia baadaye, wewe tena."

"Sikuuliza utafanya nini. Nimeuliza, ulijua?"

"Mama, tuongee nyumbani. Mbele ya watu hivi..."

"Ndiyo, mbele ya watu. Jumapili uliniletea watu wako. Leo mimi nimeita wangu. Ulijua?"

Bosi akairudisha kalamu mfukoni. "Nilijua."

Ilikuwa kana kwamba Mama Pasi ndiye aliyengoja maneno hayo yamwangushe, na hayakumwangusha. Alikuwa bado amesimama, kwa miguu yake miwili, na dari haikuanguka.

"Basi sikiliza, baba. Hapana."

"Mama!"

"Hapana. Nasema mara mbili usije ukasema mama hasikii wala haongei. Waliosema mtoto akililia wembe mpe, walikuwa na haki yao. Wembe nitakupa. Ila shingo yangu sitakupa uujaribie."

Kitinda alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Wakili mkuu alianza, "Mama, labda tukueleze faida..." na Mama Pasi akamwinulia kiganja, kile cha makovu, naye akanyamaza.

"Kwa hiyo malori yangu yasimame?" Bosi alikuwa amepandisha sauti. Usoni mwake, chini ya ndevu zile, Mama Pasi alimwona mtoto aliyechekwa, na moyo ukamvuta kama kawaida yake. "Niliwaambia watu mambo yako tayari! Nitauweka wapi uso wangu?"

"Uso wako uweke palepale Mungu alipouweka. Malori yako yalikuwa yanatembea zamani, nyumba yangu haijaambiwa isimame. Yatatembea."

"Wamekuharibu kichwa. Huyu hapa!" Akamnyooshea kidole wakili wa mirathi. "Umeingia humu mzima, ukageuka hivi!"

"Huyu? Huyu nilimwomba anisaidie kukudanganya, akakataa. Usimguse."

"Sawa." Bosi alikunja hati, akaichomeka ndani ya koti. "Sawa, mama. Nyumba ni yako. Basi siku ukiumwa usiniite."

Kitinda akasema, "Kaka, jamani." Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama Pasi aliliacha likae, kama anavyoiacha pasi ipoe kidogo kabla ya kuigusa hariri.

"Nitakuita," alisema. "Na utakuja, kwa sababu mimi ni mama yako, siyo kwa sababu ya nyumba. Na usipokuja, nitaumwa nikiwa kwangu."

Bosi akatoka. Wakili mkuu alimfuata nusu akikimbia, akiita, "Kaka, kaka, ngoja tuongee," na pale mlangoni aligeuka akamwambia wakili wa mirathi, "Na sisi tutaongea."

"Ndiyo, Mzee."

Walibaki wanawake watatu. Mama Pasi alikaa. Kitinda alimfuta jasho kwa mtandio.

"Haya," alisema Mama Pasi alipopata pumzi. "Kama mimi ndiye mteja, nataka huduma yangu ianze. Sitaki nyumba ile ihame kwa mtu yeyote bila mimi kusimama mwenyewe na kusema ndiyo. Kuna dawa ya hiyo kwenye rafu zenu?"

"Ipo. Unaweka zuio kwa msajili wa ardhi. Likishawekwa, hakuna anayeweza kuhamisha chochote bila wewe kuitwa. Na baadaye, ukipenda, unaandika wasia."

"Wasia polepole, mwanangu. Kwanza niishi. Andika hilo zuio."

Wakili alitikisa kichwa. "Mimi siwezi. Ofisi hii inamhudumia mwanao pia, na leo nyinyi wawili mmesimama pande mbili. Hatuwezi kukaa pande zote mbili za meza. Nikikuandikia, nami nitakuwa nimepindisha utaratibu, kile nilichokikataa hivi punde." Akasogea dirishani. "Ng'ambo ya barabara, juu ya lile duka la rangi, kuna wakili wa ardhi. Hana undugu na ofisi hii. Mwambie kila kitu, kuanzia Jumapili."

"Unaniacha njiani?"

"Nakuvusha tu."

Mama Pasi alimtazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kumgeuzia ile kola iliyokunjika, akaibana kwa vidole viwili mpaka ikalala. "Nitakuombea," alisema.

"Niombee leo, Mama. Yale mazungumzo ni ya leo."

Nje, gari la Bosi lilikuwa bado limeegeshwa, naye yumo ndani, mikono juu ya usukani. Alipomwona mama yake akashusha kioo. Sauti yake ilikuwa imeshuka pia.

"Panda, mama. Nikupeleke nyumbani."

"Ahsante, baba. Nina shughuli ng'ambo kwanza."

"Shughuli gani?"

"Ya nyumba yangu."

Bosi alifuata macho yake mpaka kwenye kibao cha wakili juu ya duka la rangi. Akaelewa. Akapandisha kioo, na gari likaondoka kwa kishindo, likakata kona bila kuwasha taa. Kitinda alimshika mama yake mkono.

"Amekasirika kweli, mama. Hatutamwona mwezi huu."

"Huenda."

"Turudi? Tufanye siku nyingine, akishapoa?"

"Siku nyingine atakuja na wajomba."

Wakavuka. Ngazi zilinuka rangi, na juu palikuwa na chumba kimoja cha kungojea chenye viti vya plastiki na mwanamke mwenye kalamu nywelini. Aliwauliza shida yao ni ya nini, ardhi, ndoa au kazi. Mama Pasi akasema ardhi. Akaambiwa akae, ataitwa.

Alikaa, akafumba macho. Akamwombea kwanza yule wakili wa mirathi, ampate Mungu upande wake katika mazungumzo ya leo. Kisha akamwombea Bosi, na humo alikaa sana. Aliomba malori yake yapate mizigo, madereva wake wasilale njiani, benki imfikirie kwa njia nyingine, na hasira yake isiozee ndani kama nguo mbichi iliyofungiwa mfukoni. Aliomba amwone tena kabla ya mwezi kwisha. Aliomba mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa mwanawe wa kwanza na alimpenda.

"Lakini nyumba, Bwana," alimalizia kimoyomoyo, "kuhusu nyumba usinibembeleze."

"Anayefuata!" aliita mwanamke wa kalamu. "Mama wa ardhi. Umekuja na nani?"

"Na binti yangu," alisema Mama Pasi, akiinuka. "Lakini yeye atakaa nje."

"Hata mimi, mama?" alisema Kitinda.

"Hata wewe."